Mahindi ya Rukwa, kalenda ya Dar es Salaam

Kila mvua za vuli zinapogoma, mjadala ule ule unarudi. Unga unapanda bei Arusha, Tanga na Dar es Salaam, wabunge wa mikoa yenye ukame wanapiga kelele, na haupiti muda kabla mtu hajatamka kwamba mahindi yasitoke nje ya nchi. Hoja yake ni fupi na hata mtoto anaielewa: mwenye nyumba hauzi chakula wanawe wakilala njaa. Anayempinga huonekana mlanguzi, au mtu aliyetiwa chochote mfukoni na walanguzi.

Mimi nataka kumsemea huyo anayepinga, hasa akiwa mkulima wa Laela au Namanyere kule Rukwa, au wa Mbinga kule Ruvuma, kwa sababu sijaona hoja yake ikisikilizwa hadi mwisho. Ina mashiko kuliko inavyodhaniwa, na mashiko yake yako kwenye ramani.

Tumezoea kusema "mvua za Tanzania" kana kwamba ni kitu kimoja. Nchi yenye zaidi ya kilometa za mraba 940,000, inayobeba kilele cha Kilimanjaro upande mmoja na kina cha Ziwa Tanganyika upande mwingine, haiwezi kuwa na mbingu moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe hutoa utabiri wa vuli, wa masika, na wa kile inachokiita mvua za msimu. Wengi wa mjini husikia hayo matatu wakadhani ni maneno tu. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Kwenda kusini hupita juu ya kaskazini na pwani kati ya Oktoba na Desemba, tukapata vuli. Kurudi hupita tena Machi hadi Mei, tukapata masika. Ukifika kusini hutulia huko, ndiyo maana Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa, Njombe na Ruvuma hupata mvua moja ndefu, Novemba hadi Aprili. Mkulima wa huko hupanda mara moja kwa mwaka. Akikosea, hana masika ya kumwokoa.

Dodoma na Singida nao wana msimu mmoja, ila ni wa jina zaidi. Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na Februari mara nyingi mvua hukatika, jua likachoma mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Tukuyu mkoani Mbeya, nchi hiyo hiyo, msimu huo huo, hupita milimita 2,000. Kule uwanda wa juu wa Kitulo, Juni na Julai kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa jalidi. (Nimewahi kumweleza hili mtu wa Mtwara akanitazama kama nampiga fiksi.)

Juu ya tofauti hizo kuna pembea. Elinino ikija, yaani maji ya Pasifiki yakipata joto kupita kawaida, vuli ya kaskazini na pwani huzidi kipimo. Waliokuwepo 1997 hawahitaji kukumbushwa. Wakati huo huo nchi za kusini mwa Afrika hukauka. Mambo yakigeuka, kaskazini ndiko hukauka na kusini kukashiba. Mhimili wa pembea hiyo unapita karibu na kusini mwa Tanzania. Nyanda za Juu Kusini zimekaa katikati, hazipandi sana wala hazishuki sana. Ndiyo maana ghala letu liko kule, na ndiyo maana njaa ya jirani mmoja au mwingine hubisha hodi huko karibu kila baada ya miaka michache.

Wanaotaka mpaka ufungwe wanaisoma ramani hiyo hiyo. Wanasema kama Mungu ametupa eneo lisiloyumba, basi lilishe kwanza yanayoyumba. Wanasema mfanyabiashara haoni Singida, anaona bei, na Nairobi hulipa zaidi ya Manyoni. Wanaongeza jambo ambalo sioni jibu lake jepesi: wakulima wadogo huuza hadi gunia la mwisho mwezi wa saba kwa sababu ya ada za shule na madeni, halafu Januari wananunua kibaba kwa bei maradufu. Anayesema mkulima alindwe dhidi ya haraka yake mwenyewe hajatunga.

Ila tuangalie lililotokea 2017, maana mwaka huo unabeba kisa kizima.

Vuli ya 2016 ilikuwa mbovu. Mwanzoni mwa 2017 chakula kilipanda bei, kaskazini mwa nchi watu walihangaika, na Kenya hali ilikuwa mbaya zaidi: Mei serikali ya huko ilikuwa inafidia unga ili pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 90 za Kenya, na meli ya mahindi yaliyoelezwa kuwa yametoka Mexico ikatia nanga Mombasa. Juni, Rais Magufuli akapiga marufuku mahindi kuvuka mpaka. Auzaye na auze unga, alisema, viwanda vyetu vipate kazi.

Juni. Naomba msomaji aukodolee macho mwezi huo. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Juni ni mwisho wa miezi sita ya kununua unga kwa bei chungu, kwa hiyo tangazo lilisikika kama ahueni iliyochelewa. Kwa mtu wa Sumbawanga, Juni ni mavuno. Mahindi yamekauka, yamevunwa, yanapukuchuliwa. Mengine yamejaa mpaka chumba cha kulala. Ndiyo wiki anazolipa mbolea aliyokopa Novemba. Njaa iliyotajwa katika tangazo ilikuwa imetokana na vuli, mvua ambayo Rukwa haina, na dawa yake ikamwangukia Rukwa siku ile ile alipofungua mlango wa ghala. Nchi iliyokuwa na njaa Februari ilitoa uamuzi wake Juni, na aliyekuwa na mzigo Juni ndiye aliyelipa. Mlanguzi hakulipa. Yeye alirudisha lori nyuma, akangoja, akanunua kwa bei ya kutupa. Mwaka huo hata Zambia isingemwokoa mkulima huyo, kwa kuwa pembea ilikuwa imegeukia huko nayo ilivuna kwa wingi. Soko lenye njaa ya kweli lilikuwa Kenya, nalo ndilo lililozibwa.

Unga je? Ni wazo zuri kwa mwenye kinu. Mkulima wa gunia thelathini hana kinu cha kusaga sembe ya kuvuka mpaka, wala mashine ya kufungasha, wala cheti cha ubora. Na kuna kichekesho kidogo hapa: umeme wa Sumbawanga kwenyewe, kwa miaka mingi, ulikuwa ukinunuliwa Zambia. Waya ulivuka mpaka kuingia, gunia likakatazwa kuvuka kutoka.

Umbali ndio kiini cha neno lenyewe. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100. Tunduma, mlango wa Zambia, ni kama kilometa 230. Bandari ya Kasanga, ambako chombo huvuka ziwa kwenda Mpulungu ya Zambia au Kongo, ni karibu zaidi. Mkulima huyo hajaamua kuwasaliti watu wa Singida. Amezaliwa mahali ambapo mgeni yuko karibu kuliko ndugu. Ukimwambia auze ndani tu, unamwambia alipie lori la kilometa elfu moja kutoka kwenye bei ya gunia lake.

Na serikali iliwahi kulijua hilo. Miaka ya 1970, baada ya ukame uliotulazimisha kuagiza nafaka nje kwa fedha nyingi, iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua gunia la Rukwa kwa bei ile ile ya gunia la karibu na Dar es Salaam, na gharama ya barabara ikabebwa na umma. Kiuchumi ilikuwa mzigo mzito, shirika likaelemewa, na katika miaka ya 1980 utaratibu ukavunjwa. Lakini ndio uliomfanya mtu wa Rukwa na Ruvuma alime mahindi ya kuuza kwa kiwango kile. Mikoa ya ghala la taifa haikuwa ghala kwa udongo na mvua peke yake. Kuna wakati taifa lilimlipia umbali wake. Sasa halilipii, na bado linadai gunia kana kwamba linalipia.

Hapo ndipo mfano wa mwenye nyumba na wanawe unaponipotea. Mwenye nyumba gani huyo anayemwambia mwana mmoja awalishe wenzake, asimpe nauli, na akataze asiuze kwa jirani?

Mpaka wenyewe haufungiki. Namanga, Holili, Sirari na Horohoro zina njia za panya zilizo na umri mkubwa kuliko marufuku zote. Kinachoongezeka ni gharama ya kupita, na gharama hiyo hakatwi mnunuzi wa Nairobi, anakatwa aliyeko mwanzo wa safari. Na wenye njaa Dodoma mara nyingi hawakosi mahindi sokoni, wanakosa fedha ya kuyanunua kwa kuwa mazao yao yameungua Februari. Gunia lililobaki Mbozi, kule Songwe, kwa nguvu haliendi lenyewe mpaka Chamwino.

Mwaka 2024 tuliona namna nyingine. Elinino ilikuwa imeikausha Zambia, Rais Hichilema akatangaza janga la taifa mwezi Februari, na Julai ikatangazwa kwamba Tanzania kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula itawauzia tani 650,000. Wakala alinunua kwa mkulima, akapima hifadhi ya ndani, ziada ikauzwa kwa mkataba. Utaratibu huo una matatizo yake: foleni vituoni, mizani inayolalamikiwa, malipo yanayochelewa. Lumbesa, gunia linaloshindiliwa kupita kipimo, haijafa. Lakini pale taifa lilipotaka mahindi liliyalipia, badala ya kuyazuia.

Siku ikibidi kweli kuzuia, na nakubali siku hiyo inaweza kuja iwapo mvua za msimu na masika zitashindwa kwa pamoja mwaka mmoja, basi itangazwe Oktoba pamoja na bei ambayo Wakala atanunulia. Oktoba mkulima wa Laela bado hajanunua mbegu. Anaweza kupunguza ekari mbili za mahindi akapanda alizeti au maharage, na mbolea akakopa kwa kadiri ya bei aliyoisikia.