Nicodemus haikufa yenyewe

Kuna video inazunguka kwenye magrupu, jamaa anarusha drone juu ya "mahame ya Marekani". Muziki wa kutisha, nyasi, kanisa lililofungwa, halafu sauti nzito: Nicodemus, Kansas, wakazi 14. Watu wakamwaga emoji za mafuvu. Video nzima haikutaja hata mara moja kwamba kijiji hicho kilijengwa na Weusi waliotoka utumwani. Kwa nini kimebaki na watu 14, hilo nalo halikumhusu.

Mwaka 1877 vipeperushi viliwaita watu wa Kentucky waende Kansas, kwenye ardhi yao wenyewe. Septemba hiyo zaidi ya 300 walishuka treni mji wa Ellis, wakamalizia safari nyikani. Mji wenyewe? Mashimo. Watu walikuwa wamechimba ardhini wakaishi humo, kwa kuwa hapakuwa na miti ya kujengea. Willianna Hickman, mke wa mchungaji, alifika mwaka uliofuata, akauliza Nicodemus iko wapi, akaonyeshwa moshi unaofuka kutoka chini. Alilia. Nani asingelia? Familia kadhaa ziligeuza. Waliobaki walivuka kipupwe cha kwanza kwa msaada wa Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliowagawia chakula wakitoka mawindoni.

Miaka michache baadaye, mashimo yale yalikuwa mji: makanisa, shule, hoteli, benki, magazeti mawili. Edward McCabe, aliyewahi kuishi hapo, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima mwaka 1882. Mtu mweusi, Kansas, mwaka huo!

Sasa njoo kwenye reli, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Bila reli mazao yako yanaozea ghalani, na kila mkulima wa nyika ile alilijua hilo. Basi wananchi wakapiga kura kuidhinisha hati za mkopo za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya reli ya Missouri Pacific. Dola 16,000, watu ambao miaka kumi nyuma walikuwa wanalala ardhini! Kampuni haikuja. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ikapitisha njia yake ng'ambo ya mto Solomon, kilomita chache tu, na penye kambi ya mafundi pakaota mji wa Bogue. Wafanyabiashara wakafungasha wakahamia huko. Mtu akichora mstari kwenye ramani, wewe umekwisha, halafu vizazi vitano baadaye anakuja mwenye drone kukuwekea kinanda cha huzuni.

Haya, nakubali, reli si yote. Ukame na vumbi la miaka ya 1930 viliwamaliza wengi, na vijijini kote huko vijana huhama. Posta ilifungwa 1953. Lakini pigo la kwanza lilitoka kwenye ofisi za kampuni za reli.

Na hata hao 14 wanakudanganya. Kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu hurejea Nicodemus kusherehekea ukombozi, desturi ya tangu enzi za mashimo. Hesabu watu kwenye vijiji vya Uchagani mwezi Machi, nyumba zimefungwa, bibi mmoja uani. Halafu nenda tena Desemba 24 utafute pa kuegesha gari. Tangu 1996 kijiji hiki ni eneo la kihistoria la taifa, na habari hizi zote ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Wa video hakutaka. Mafuvu yanaleta watazamaji zaidi.