Kabla ya kununua vitamini ya mtoto, soma nyuma ya boksi

Ukiingia duka la dawa Ujiji au Mwanga, hapa Kigoma, vitamini za maji za watoto huahidi yaleyale: hamu ya kula, kinga, akili. Kwangu, dai lisilosema linaziba upungufu gani, kwa umri gani na kwa kipimo gani, halistahili hela ya mzazi. Mtoto asiyepungukiwa na vitamini haongezeki akili kwa kijiko cha ziada.

Hamu ya kula ndiyo inayouza zaidi. Geuza boksi usome viambato. Ukikuta cyproheptadine, hiyo si vitamini. Ni dawa ya mzio inayoongeza njaa na kumsinzisha mtoto. Asipewe bila daktari kumpima, hasa aliye chini ya miaka 2.

Vitamini A inataka hesabu. Tuseme lebo imeandika retinol (vitamini A iliyo tayari), IU 2,500 kwa mililita 5, yaani kijiko kimoja; IU ni kizio cha kupimia vitamini. Zidisha kwa 0.3, unapata mikrogramu 750. Mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji kama 300 kwa siku, na kikomo walichoweka wataalamu wa lishe wa Marekani ni 600. Kijiko kimoja tu kimeshavuka, na akipewa asubuhi na jioni ni 1,500. Ikiendelea hivyo kwa miezi, ziada hulundikana kwenye ini: mtoto hutapika, kichwa kinamuuma, ngozi inakauka.

Matone ya vitamini A ya kliniki ni jambo jingine, tena yana ushahidi wa miaka mingi. Ni IU 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11 na 200,000 kwa wa miezi 12 hadi 59, mara moja kila miezi sita. Ini huihifadhi dozi hiyo na kuitoa taratibu. Mpeleke Juni na Desemba, na kadi uibebe ili asirudiwe.

Karotini, ile rangi nyekundu ya mawese, haina hatari hiyo, kwa kuwa mwili huigeuza kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji. Nasi Kigoma mawese tunayo! Kijiko cha chai kimoja kinatosha, kitiwe kwenye uji au mboga iliyokwisha kuiva. Ukiyachoma mpaka wekundu upotee, karotini imekwenda nao. Dagaa nao waoshwe mchanga wote, wakaangwe bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, watwangwe na vichwa vyao, kisha unga uchekechwe na kuchanganywa kwenye uji. Humo mna protini, madini ya chokaa (kalsiamu), madini ya chuma na vitamini B12, kwa bei ndogo kuliko chupa.

Uji mwepesi wa muhogo mtupu hauokolewi na vitamini yoyote, kwa sababu kinachokosekana hapo ni chakula chenyewe. Kuanzia miezi 9 mtoto ale milo 3 hadi 4 kwa siku. Ambaye uzito wake haupandi kwenye kadi, au anayejikwaa giza likianza kuingia, apelekwe kliniki bila kungoja, na chupa anayopewa nyumbani ibebwe ili mhudumu asome kilichomo.