Haukuwa Uji, Zilikuwa Mbaazi

Kwanza tusahihishane. Haukuwa uji. Zilikuwa mbaazi. Za nazi, nzito, na pilipili mbichi ndani. Habari ya uji imetungwa na rafiki yangu ambaye hapa nitamwita Redio kwa sababu hazimi, na tangu Jumamosi asubuhi ameshaitangaza kutoka Likoni hadi Kisauni. Binamu yangu yuko Malindi, amenipigia kuuliza kama ni kweli mama mkwe amenimwagia uji hadharani kwa kuwa sikumaliza mahari. Mahari nilimaliza! Leo Jumatatu, bado nikiinama nasikia harufu ya tui sikioni, kwa hivyo acheni niseme mwenyewe.

Presha yangu mnaijua, nimewachosha nayo mwezi mzima. Bibi aliyenipima alinikuta 152 kwa 96. Nikamwambia hapo pana kosa, nimetoka kunywa kahawa tungu vikombe vitatu na ngazi nimezipanda mbio. Akanikalisha dakika 5, akaniambia nisikunje mguu juu ya mguu na nisiseme neno (hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho), akapima tena. 148 kwa 94. Akasema ikiwa kila ukipimwa ni 140 kwa 90 kwenda juu, hapo usiisingizie kahawa. Dawa sikupewa, nilipewa tabia. Nitembee nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, na humo humo ihesabiwe ya mkate na ya achari. Matunda, mboga, usingizi wa saa 7. Nirudi baada ya wiki 6.

"Ni mambo madogo madogo tu," akasema. Nyumbani kwake labda hakupikwi.

Sasa mimi nina maradhi mengine yanayoshinda presha: nikilijua jambo leo, kesho mimi ndiye mwalimu wake. Usiku ule ule nikamkalisha mke wangu tuhesabu sukari. Shirika la Afya Duniani linaona ni bora mtu mzima akomee kwenye gramu 25 za sukari ya kuongeza kwa siku, yaani kama vijiko 6 vya chai. Sisi chai yetu ni vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku. Kumi na sita, na kaimati hatujazigusa. Kopo la sukari nikalipandisha kabati la juu. Chumvi ikafuata. Kisha, Mungu anisamehe, nikamkataza mke wangu kutia tui kwenye mbaazi. Hakubishana. Alinitazama tu kama anavyotazamwa mtu aliyecheka matangani.

Halafu zikaja stetasi. Kila asubuhi bahari, meli ya makontena ikiingia Kilindini, raba zangu mpya, idadi ya hatua. Maneno ya chini ndiyo yanayoniuma nikiyasoma leo. "Mwili ni amana." "TUI NI ADUI." Na mama mkwe, ambaye ana sukari na magoti, nikajipa kazi ya kumtumia sauti za dakika nne nne. Mama, mahamri ni unga mweupe uliozamishwa mafutani. Mama, achana nayo. Mkwe mwenye adabu hata kumtazama mkwewe usoni huona haya. Mimi nilikuwa namhutubia kabla ya jua kuchomoza.

Siku ya nane nikaanguka.

Njia yangu natoka Ganjoni, nashuka Mama Ngina, nafuata bahari chini ya mibuyu, nageuza. Tangu bustani ile itengenezwe upya mwaka 2019, mtu anatembea raha zake. Lakini kuna kona moja, sitaitaja, mama wa watu anatafuta riziki yake na mimi bado ni mteja, ambapo siku hiyo upepo uligeuka na harufu ya iliki ikanivuta pua kama mbuzi. Nikanunua hamri moja. Nikajiambia hatua 10,000 zitaliteketeza. (Na nyinyi wenzangu wa hatua 10,000: idadi hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitoka kwenye jina la kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Nimelijua hilo baada ya mambo kuharibika, na nimemkasirikia Mjapani kana kwamba ndiye aliyenilisha.) Siku ya tisa yakawa mawili. Siku ya kumi na mbili nikaanza kuwaza mbaazi, na mbaazi hazifungiki kwenye gazeti.

Hapo ndipo akili iliponiponza. Nilikuwa na chupa ya maji. Ya bati, nyeusi, mdomo mpana, yaliyomo hayaonekani. Mke wangu alininunulia ili ninywe maji. Yule mama akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Baba, nikutilie humu humu?" Nikamwambia tia. Akatia pawa tatu. Wiki mbili nzima watu wa Mama Ngina wameniona nikipita na chupa yangu kifuani, na kuna mzee mmoja alinionyesha kwa mjukuu wake.

Sasa Jumamosi.

Nisichokijua ni kwamba hotuba zangu zilikuwa zimeingia. Mama mkwe alivuka feri alfajiri, magoti na yote, raba chini ya buibui, akakutana na mke wangu na wote wawili wakajiunga na kina mama wanaofanya mazoezi ya viungo pale bustanini. Walitaka kunishtukiza. Alikuja kunionyesha kwamba amenisikia.

Mimi nilikuwa hatua mia hivi kutoka hapo, nyuma ya mbuyu, nimeupa ulimwengu mgongo. Mahamri manne pajani, chupa wazi. La kwanza nilikuwa nimelishindilia lote mdomoni.

Kunguru wa Mombasa nani asiyewajua? Asili yao Bara Hindi, lakini mji wanaujua kuliko sisi: wanajua siku ya taka, wanajua mtoto yupi katumwa mkate. Mwaka 2024 serikali ilitangaza itawaangamiza kunguru milioni 1. Mimi nawaambia kuna mmoja walimruka.

Alitua mbele yangu. Akanitazama kwa jicho la kushoto. Akageuza kichwa, akanitazama kwa la kulia. Nikamwambia "Shh." Akasogea kando kidogo, kwa heshima, kama mtu anayepisha. Nikachukua hamri la pili, nikalichovya, nikalileta mdomoni, na hamri likaondoka. Halikuanguka, jamani. Liliondoka. Yule wa mbele alikuwa wa kunishughulisha tu. Mwenzake ndiye aliyekuja kutoka juu.

Mtu mwenye akili angelisamehe. Mimi nilirusha mkono nikampata bawa. Akapiga kelele moja. Sijui alisema nini kwa lugha yao, lakini mbuyu wote uliitikia.

Nikasimama, nikafunga chupa. Angalieni hapo: hata katika hali ile nilifunga chupa, maana mbaazi nilizilipia. Mahamri mawili yaliyobaki nikayasokomeza ndani ya jaketi la traksuti, nikavuta zipu, nikayabana kwa mkono wa kushoto, nikatoka mbio. Mwezi mzima nilikuwa natembea. Siku hiyo nilikimbia. Mmoja ananigonga kisogo, mwingine kaning'inia kwenye kofia ya jaketi, na mimi sina pa kukimbilia harufu ile kwa sababu nimeibeba.

Mbele nikaona watu. Sikuangalia ni watu gani. Nikapasua safu ya kwanza ya kina mama waliokuwa wameinua mikono, nikapasua ya pili, miguu ikaniishia, nikakaa kwenye nyasi nikihema. Kunguru walipoona mabuibui yote yale meusi yanapepea, wakasita hewani. Na kutoka safu ya tatu nikasikia sauti ninayoijua.

"Ole wangu! Mume wa mwanangu! Presha hiyo!"

Tulieni hapa. Hapa ndipo Redio anapopapita haraka, na hapa ndipo mimi ninapoishi tangu Jumamosi.

Nilitaka kusema "kunguru". Kwa pumzi zile, na hamri zima shavuni, ikatoka "Ku... ku... ngu." Mama mkwe akawageukia wenzake: "Ulimi huo umelemaa!" Muziki ukazimwa. Katika kundi alikuwamo bibi mmoja anayejua mambo ya kiharusi, na sina lawama naye, alifanya vile vile inavyotakiwa. Akapiga goti mbele yangu, akasema taratibu: "Kakangu, tabasamu nikuone." Nikatabasamu. Upande wa kushoto ukatabasamu. Upande wa kulia ulikuwa na hamri.

"Uso umekwenda upande," akasema.

"Inua mikono yote miwili." Nikainua wa kulia. Wa kushoto ningeuinua vipi, ndio ulioshika mali?

"Na mkono umekataa."

Uso, mkono, usemi. Mtihani wenye maswali matatu nikaanguka yote matatu. Mke wangu akaanza kulia. Mwingine akasema aletewe maji anywe, yule bibi akamkatiza: mtu wa namna hii hanyweshwi kitu, atapaliwa. Itafutwe gari aende hospitali sasa hivi. Basi mama mkwe, mikono yake lazima ifanye jambo, akasema, "Kama hanywi, amwagiwe kichwani apoe. Si ana chupa yake?"

Niliishika ile chupa kwa mkono wangu mzima. Akanibandua kidole kimoja kimoja. "Wacha, mwanangu. Wacha, ni mimi." Nilitikisa kichwa, naye akakipapasa. Kifuniko kikazunguka mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu. Akasema bismillahi, akaiinamisha juu ya utosi wangu.

Hakikutoka kitu.

Akaitikisa. Bado. Akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaipiga tako kwa kiganja, paa, kama anayedai achari kwenye chupa.

Zikaja zote.

Zilikuwa vuguvugu. Zilikaa utosini kwanza, kama zinazouliza njia, kisha zikagawanyika. Nyingine zikapita nyuma ya shingo, zikaingia ndani ya fulana, na huko sitaki kuzungumzia. Moja ikaingia sikioni, hiyo ndiyo inayonitesa mpaka leo. Tui likashuka polepole hadi kwenye nyusi, likatulia, likaamua kuendelea. Pilipili ikafika jichoni. (Redio anasema nililia. Sikulia. Ilikuwa pilipili. Na wewe uliyemtilia vicheko kumi na moja chini ya video yake, nimekuona, na harusi ya bintiyo sijaisahau.)

Hakuna aliyesema neno. Hata feri kule Likoni naona ilizima injini. Mama mkwe alikuwa bado ameishika chupa, anaitazama ndani kwa jicho moja. Akainama. Akapitisha kidole kwenye paji la uso wangu. Akakinusa. Halafu, wallahi, akaonja.

"Zina tui," akasema.

Ndipo nikameza lile hamri. Na ndipo mkono wa kushoto, ambao kila mtu aliujua umekufa, ukapanda wenyewe kufuta jicho, na mahamri mawili yakateleza chini ya jaketi yakatua miguuni mwa mama mkwe wangu, moja kila upande.

Yaliyofuata ni mafupi. Kunguru walirudi wakachukua haki yao. Yule bibi wa kiharusi akaondoka kwenda kukaa peke yake ukutani, mabega yakimtikisika. Redio alikuwa ameshuka feri anapita zake kutafuta kahawa. Video yake inaanzia kwenye ile paa ya tako la chupa, kwa hivyo ushahidi wa kunguru haumo. Nilioshwa mferejini. Tulirudi kwa tuktuk, sisi watatu, kimya, mpaka dereva alipouliza ni nani aliyebeba mbaazi, mke wangu akaanza kucheka na hajanyamaza vizuri hadi sasa ninapoandika.

Tui limerudi jikoni, dogo. Sukari imeshuka kabatini lakini kwa kijiko kimoja. Leo alfajiri nimetembea, kwa njia ya Tudor, bila chupa. Wiki ya kupimwa ni hii ijayo na tafadhali msinipigie kuniuliza.

Jana jioni mama mkwe alivuka tena kuja kunijulia hali. Nikamletea glasi ya maji kwa mikono miwili, macho chini. Akasema ahsante, baba. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza huku, akaigeuza huku, ndipo akanywa.