Spika Zangu na Grafu ya Shemeji

Mimi sina ugomvi na sayansi. Ugomvi wangu ni na shemeji, ambaye tangu anunue maikrofoni ya kupimia sauti hawezi tena kuingia nyumba ya mtu hapa Kibokoni, Mombasa, akanywa kahawa yake akatulia. Huisimamisha juu ya kigoda katikati ya ukumbi, akawafukuza watoto, akazima feni, kisha akaziamuru spika zangu zitoe mluzi unaopanda kutoka hezi 20, sauti nene kabisa, hadi hezi 20,000, nyembamba kabisa, mpaka paka wa mtaa mzima wakakimbilia Bandari ya Kale. Mluzi ukiisha, hunionyesha kwenye kompyuta mstari wenye mabonde na vilima, wa kuonyesha spika hutoa kila sauti, nene hata nyembamba, kwa nguvu kiasi gani, huku akitikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya.

Juzi alinitangazia kwamba spika ya kushoto imeporomoka desibeli 6, yaani nguvu ya sauti imepungua, katika hezi 16,000. Nikamwuliza, bwana shemeji, sauti za juu kabisa ndizo zinazotangulia kumuaga mtu anapozeeka, na mimi nina wajukuu. Hasara hiyo inamfika nani, kama si paka waliokwisha kuhama? Akajibu kwamba kasoro ni kasoro, hata asiisikie mtu.

Kuhusu pembe ya ukumbi alisema kweli. Kuta zetu nene za mawe, spika ikibanwa pembeni, huivimbisha besi kupita kiasi. Tulipozivuta mbele, ngoma iliacha kunguruma na udi ukasikika uzi kwa uzi. Sasa kila aendaye msalani usiku sharti aruke waya, lakini hilo grafu hailionyeshi.

Kilichonichoma hasa ni kitufe cha besi. Usiku nikipunguza sauti kwa heshima ya jirani, huongeza besi kidogo ili tarabu isibaki mifupa mitupu, na shemeji huliona hilo kuwa dhambi kwa kuwa mstari lazima unyooke. Nami pia najua kusoma: mwaka wa 1933 Fletcher na Munson, wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio la binadamu huipoteza besi zaidi kuliko sauti za katikati. Yaani sikio lenyewe, kama alivyoliumba Mola, halina mstari ulionyooka, na sijamsikia akilikemea.

Hapo akakimbilia kwa Floyd Toole, mtafiti wa Kanada, ambaye katika majaribio yake spika zilifichwa nyuma ya pazia, na wasikilizaji mara nyingi wakapendelea zile zilizopimwa zikaonekana kunyooka. Hoja nzito, wala siipingi. Basi nikatundika leso ya mke wangu, nikapanga nyuma yake spika zangu na zake, nikamtaka achague kwa masikio. Aliipapasa ile leso pindo kwa pindo, akasema pamba itameza sauti za juu, kwa hiyo jaribio si halali.

Mke wangu akaingia, akaiona leso yake mpya, akauliza ni nani kati yetu aliyeitoboa kwa misumari. Sote wawili tukainamia grafu, na kwa mara ya kwanza nikaona ina mambo mengi ya kuangaliwa kwa makini.