Damu ya Vampaya Haimdanganyi Aliyezoea Kuchinja

Ingia kibanda umiza chochote hapa Dodoma, Majengo au Chang'ombe, siku wanapoonyesha muvi ya vampaya yenye damu nyingi. Maoni utakayoyasikia wakati watu wanatoka ni mawili. Wengine wanasema damu zimezidi. Wengine wanauliza mbona haitishi. Wanabishana mpaka barabarani kana kwamba wamepingana, ila kwa maoni yangu lalamiko lao ni moja: damu ile haina tabia ya damu, na ikikosa tabia yake, kuiongeza ndoo ya pili hakusaidii kitu.

Watu wa huku damu wanaijua. Mkoa huu ni wa wafugaji, na mtoto wa Chamwino, Bahi au Kongwa humwona mbuzi akichinjwa kabla hajajua kusoma. Shingo ikikatwa, damu hutoka kwa kishindo, kisha huruka kwa mapigo. Kila pigo linafuata moyo, na kila pigo ni dhaifu kuliko lililotangulia, mpaka inabaki kuchuruzika na mwisho kudondoka. Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban mililita 70 kwa pigo moja, na mwili wote una damu kama lita 5. Akimwaga lita 2 yuko mlangoni mwa kifo. Sasa katika filamu nyingi damu inasukumwa kwa pampu yenye nguvu ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, mfano wa mpira wa kumwagilia shamba la zabibu. Mtu aliyewahi kushika kisu anaikataa pale pale, na kicheko chake ni cha haki.

Kurekebisha hili hakuhitaji fedha nyingi. Chukua bomba la sindano la mifugo la mililita 50 na mpira mwembamba uliofichwa chini ya kola. Sukuma, pumzika, sukuma tena, mara sita au saba, kila mara kwa kiasi pungufu. Mikono miwili ya mtu mwenye subira hushinda pampu.

Halafu kuna suala la meno yenyewe. Mshipa mkubwa unaoonekana juu juu shingoni, chini tu ya ngozi, ni vena. Damu yake ni nyekundu iliyokolea na hutiririka taratibu. Ateri, ile inayorusha damu, imejificha ndani zaidi kando ya koromeo. Kwa hiyo matundu mawili madogo ya meno yakarusha damu hadi darini, hiyo ni ajali ya msumeno, kuuma hakufanyi hivyo. Wamasai wanalijua hili kwa vitendo. Hufunga kamba shingoni mwa ng'ombe mpaka vena ivimbe, wakaipiga mshale uliozuiwa usizame sana, wakakinga damu kwenye kibuyu, kisha kamba inalegezwa na ng'ombe anarudi malishoni. Mimi naamini hapo pana filamu ya kutisha kuliko zote tunazoletewa: mnyonya damu anayewafuga watu wake, anayewajua kwa majina, anayechukua kibuyu kimoja na kumwacha mtu aende zake mpaka zamu yake ifike tena. Watunzi wetu wamekalia hazina.

Vampaya wa filamu za kigeni yeye humaliza watu watatu usiku mmoja. Hizo ni lita 15, wakati tumbo la binadamu likishiba hubeba kama lita moja na nusu, na bado kiuno chake ni kile kile. Popo wanyonya damu wa kweli, ambao wako Meksiko, Amerika ya Kati na ya Kusini tu, hunywa takriban mililita 20 kwa usiku, na mate yao yana kitu cha kuzuia damu isigande.

Kuganda huko ndiko kunakosahaulika kabisa. Damu ikikingwa kwenye sufuria bila kukorogwa, dakika 5 hadi 10 tu imeshikamana kama jeli, na baadaye maji ya manjano yanajitenga pembeni. Ikikauka kwenye nguo inageuka kahawia, kwa sababu himoglobini yake, ile inayoipa wekundu, inabadilika ikikutana na hewa. Lakini shujaa wa filamu ameanza kupigana saa mbili usiku, na alfajiri shati lake bado ni jekundu la kung'aa! Rangi hiyo inachaguliwa ili ionekane chini ya taa za buluu za usiku, ambazo hufanya nyekundu halisi ionekane nyeusi. Sababu inaeleweka, ila kwa mtazamaji matokeo ni soda. Alfred Hitchcock alipotengeneza Psycho mwaka 1960 alitumia sharubati ya chokoleti, kwa kuwa filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe na kilichotakiwa ni uzito na weusi. Alitazama jinsi damu inavyokwenda, na rangi hakuihitaji.

Wanaotengeneza filamu fupi hapa mjini wanaweza kuipika yao kwa vitu vya dukani. Sukari kilo 1 na maji nusu lita, moto mdogo mpaka sukari iyeyuke yote, kisha dakika 5 zaidi. Kamulia nusu ndimu, la sivyo sukari itarudi kuwa chenga ikipoa. Ikishapoa tia rangi nyekundu ya chakula kijiko kimoja cha chai, matone mawili ya rangi ya buluu, na nusu kijiko cha chai cha kakao iliyokorogwa kwanza na maji kidogo pembeni. Ukiimwaga kavu itafanya mabonge yatakayoonekana kwenye kamera. Dondosha tone kwenye sahani nyeupe uinamishe. Likikimbia kama juisi, rudisha motoni. Likisimama kama asali, ongeza maji kijiko kwa kijiko.

Kosa ninaloliona sana ni kutumia juisi ya choya au mvinyo wetu wa zabibu, kwa kuwa rangi yake inapendeza kwenye glasi. Kwanza ni nyepesi, kitambaa kinainywa na kubaki doa la waridi. Pili, rangi ya asili ya choya na zabibu hubadilika ikigusa magadi au sabuni ya kipande: inakwenda zambarau, kisha buluu. Mwigizaji aliyenawa uso vibaya kabla ya kupakwa atakuharibia tukio zima. Sharubati ya sukari nayo ina shida yake kiangazi: vumbi linaing'ang'ania, na nyuki na sisimizi hawachelewi. Ukipiga picha nje mchana, tumia glisirini ya duka la dawa badala ya sukari, haikauki upesi. Damu iliyokauka isipikwe kabisa. Koroga kahawa ya unga iwe nzito, ongeza nyekundu kidogo, paka kwa brashi, acha ikauke yenyewe. Na vyovyote iwavyo, jaribu kwenye mkono wa mwigizaji siku moja kabla, wala isifike machoni.

Hata hivyo lawama nyingine si za mtengenezaji. Runinga nyingi za vibandani zimeachwa kwenye mpangilio wa dukani, ule wa rangi kali, kwa hiyo nyekundu inakuwa ya chungwa na giza linakuwa kijivu. Ingia kwenye mipangilio, chagua hali ya sinema, punguza rangi na ukali wa picha, zima ulainishaji wa mwendo. Nakala iliyobanwa sana hugeuza sehemu za giza kuwa vipande vya miraba, na hapo hakuna mpangilio utakaokuokoa. Matundu ya bati yazibwe. Sabufa ishushwe, maana mngurumo usiokoma unaua ule ukimya ambao vampaya anautegemea.

Kuhusu dijei wa kutafsiri, yule anayetusimulia muvi kwa Kiswahili inapoendelea, namtetea. Hadhira yetu imelelewa na hadithi za mumiani, na mumiani hana habari na jua. Katika masimulizi yaliyoenea Afrika Mashariki tangu ukoloni, yeye ni mtu anayetumwa kukusanya damu, mara nyingi ana gari, na mchana anatembea kama wewe. Kwa hiyo swali la "mbona anaogopa kukucha?" ni la msingi. Hata riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 inamwacha Dracula, vampaya wake, atoke mchana. Kuuawa na mwanga wa jua kulikuja na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Dijei anayelieleza hilo kwa sentensi mbili mwanzoni anafanya kazi kubwa. Ninachomwomba ni kunyamaza mlango unapofunguka polepole.

Watoto watolewe nje. Sheria ya filamu ipo tangu 1976 na Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri. Mwenye kibanda anayepokea hela ya mtoto wa darasa la tatu kwa muvi kama hizi anakosea, sina namna nyingine ya kulisema.

Tukio ninalolisubiri kuliona ni la asubuhi. Mnyonya damu amekaa kizingitini baada ya usiku wake, shati limekauka na kuwa gumu kama gome, kahawia, likikatika kwenye mikunjo anapoinua mkono. Na nzi. Mchinjaji yeyote wa mnada wa Msalato atakwambia nzi hufika kabla damu haijaganda.