Nyambizi ya Laboe na Liemba yetu

Jumapili iliyopita mwanangu alinikokota hadi Laboe, ufukweni karibu na Kiel, Ujerumani, ninakoishi, tukaione U-995, nyambizi ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia. Ina urefu wa mita 67 na imekaa mchangani tangu 1972. Wameitoboa ubavuni, watu wanaingia upande huu na kutokea ule.

Ndugu zangu wa Kigoma, mwisho wa reli, mle ndani ni finyu kuliko behewa la daraja la tatu siku ya sikukuu. Vitanda vilikuwa vya kupokezana: huyu akienda zamu, mwenzake analala palepale kabla hapajapoa. Topido za akiba chini ya vitanda. Vyoo viwili kwa wanaume zaidi ya 40, na kimoja safari ikianza kilijazwa chakula! Mimi niliyewahi kulala sitahani kwenye Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, katikati ya magunia ya dagaa nikajiona nilisafiri kifalme.

Mwanangu akauliza kama Kigoma tuna kitu cha namna hii. Nikamwambia tuna meli kongwe zaidi, na walioiunda ni Wajerumani haohao, kule Papenburg mwaka 1913. Ikafunguliwa vipandevipande, ikafika Dar es Salaam kwenye masanduku, ikaletwa Kigoma kwa reli. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ila kwanza wakazipaka injini grisi, utadhani wanarudi kesho. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Huku wakisikia hayo husema, ifanyeni makumbusho! Hata Waswahili wenzangu wa ughaibuni wanaitikia. Mimi sikubali. Nyambizi iliundwa kuzamisha watu. Kuikalisha mchangani ni haki yake. Liemba nayo ilianzia vitani, lakini umri wake mwingi imebeba mihogo, wakimbizi na maharusi. Mtu wa Kipili hapandi makumbusho kwenda Kasanga, bandari nyingine ya ziwa hilohilo.

Wivu wangu uko kwingine. Ya U-995 inajulikana hata siku iliyoingia kazini: 16 Septemba 1943. Mjomba wangu alishinda miaka na miaka chumba cha injini cha Liemba, akiijua kwa mlio tu inaumwa wapi. Kazikwa Ujiji, hajaandikwa popote. Juzi nikampigia mama kumuuliza kaka yake alianza kazi mwaka gani.

"Mwaka ule ziwa lilipopanda mpaka kwenye migomba," akasema. "Wewe ulikuwa bado."