Mbwa wa Kizingitini

Nimeishi Hamburg, Ujerumani, miaka tisa sasa, na kila nikija nyumbani Mombasa swali ni lile lile: ni kweli Wazungu hulala na mbwa kitanda kimoja? Ni kweli. Nimeona kwa macho yangu. Huku nako, watu wakijua natoka pwani ya Kenya na ni Mwislamu, huniuliza kwa sauti ya huruma: kwenu mbwa hawapendwi, sivyo? Swali la kwanza nalijibu kwa neno moja. La pili linaniuma, kwa sababu anayeuliza hakumjua Simba.

Simba alikuwa mbwa wetu Kisauni. Baba alimleta akiwa bado wa kuenea kikapuni, baada ya wezi kuruka ukuta mara ya pili na kuondoka na pampu ya maji. Mama alimkubali kwa masharti: asiguse vyombo, asiguse nguo zilizoanikwa, asikanyage ndani. Alikuwa na sufuria yake iliyovunjika mkono, na maji yake yalikuwa kwenye kifuu cha nazi chini ya mwarobaini. Sisi ni wa madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nimelelewa hivyo na hata huku naishi hivyo, wala sioni haya kusema.

Nje ya mlango wa jikoni palikuwa na jerikeni tupu la lita 20, la kuchotea maji siku mifereji inapokauka. Simba alilala ubavuni mwake. Baba alifanya kazi bandarini Kilindini, kwa zamu, kwa hiyo saa ya kurudi ilibadilika kila wiki. Mama angekuwa anasukuma chapati, mara tusikie pu, pu, pu, mkia unapiga jerikeni, naye aseme bila kuinua uso, "Baba yenu yuwaja." Hatujasikia hatua wala lango. Baada ya dakika mbili tatu, lango linalia. Mtu mwingine akija, hata jirani tunayemwona kila siku, Simba alisimama, akabweka au akanyamaza, lakini jerikeni halikulia. Jerikeni lilikuwa la baba.

Baba akiingia huvua malapa mlangoni. Simba alisubiri mlango ufungwe, kisha akaja taratibu akalaza kidevu juu ya malapa, akashusha pumzi moja ndefu tuliyoisikia hadi sebuleni. Hakuyatafuna. Mama alilalamika mwaka mzima, mwisho akamnunulia baba jozi ya pili ya kwendea msikitini, ikawekwa juu kabisa ambako pua ya mbwa haifiki. Yale ya kwanza yakaachwa pale pale mlangoni. Hakuna aliyesema kwamba sasa ni ya Simba, lakini hakuna aliyeyaondoa.

Na mama mwenyewe, ambaye katika miaka kumi na moja hakumgusa hata kwa ncha ya kidole? Akitoka na buibui kwenda soko la Kongowea, Simba alimfuata hadi barabarani, hatua mbili tatu nyuma, hakuwahi kumsogelea zaidi ya hapo. Mama akipanda matatu, Simba anageuka kurudi peke yake. Akiwa na leso ya kusalia, Simba alijisogeza hadi kwenye mwarobaini bila kuambiwa. Nani alimfundisha? Hakuna. Alimsoma. Alijua mama anataka nafasi kiasi gani, akampa nafasi hiyo, na hakwenda mbali zaidi ya hapo. Mimi hilo naliita mapenzi, na sijui jina jingine la kuliita.

Sasa nije huku. Ghorofa ya chini ya jengo letu anaishi bibi mmoja mjane, na mbwa wake anaitwa Bruno, mfupi wa miguu, mrefu wa mgongo. Bruno anakula mezani karibu, analala kitandani, anapanda treni, ana daktari wake. Bibi analipa kodi ya mbwa, euro 90 kwa mwaka hapa Hamburg, na bima juu yake. Ninafanya kazi ya kutunza wazee, kwa hiyo bibi alipovunjika nyonga aliniomba nimwangalie Bruno wiki tatu.

Siku ya kwanza nilimwachia chakula nikaenda kazini. Niliporudi jioni, jirani wa juu alikuwa ananingoja kwenye ngazi. Bruno alilia tangu asubuhi. Nilifungua mlango nikakuta mbao za chini zimekwanguliwa mpaka nyeupe, kuna damu kidogo kwenye kucha, chakula hakijaguswa, na mbwa amejikunja juu ya koti la bibi aliloliangusha chini. Nilikaa sakafuni nikalia naye. Mpaka siku hiyo nilidhani mbwa wa huku wamedekezwa tu. Yule hakuwa mtundu. Alikuwa na hofu, hofu ya kiumbe mwenye mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ametoka hakurudi.

Tangu hapo nimesoma sana habari hii ya kiumbe kushikamana na mtu wake, na jambo moja lilinishangaza kwa sababu lilianza jirani na kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anatembelea vijiji vya karibu na Kampala kuangalia watoto wachanga na mama zao, familia 26. Aliona kwamba mtoto aliyeshikamana vizuri na mama yake si lazima awe anayemng'ang'ania. Ni yule anayethubutu kutambaa mbali akachunguza vitu, kwa sababu anajua mama yupo, na akitishika atarudi kwake. Baadaye, akiwa Marekani, alitunga jaribio la kuliona hilo chumbani: mama anatoka, mgeni anaingia, mama anarudi, na mtoto anaangaliwa anafanya nini.

Mwaka 1998 mtafiti József Topál na wenzake wa Budapest, Hungaria, walilifanya jaribio hilo kwa mbwa na wenye mbwa, jozi 51. Mwenyewe akiwepo, mbwa walicheza na kuzungukazunguka. Akitoka, walikwenda kusimama mlangoni. Akirudi, walimpokea tofauti kabisa na walivyompokea mgeni. Mwaka 2001 Márta Gácsi na wenzake wakaenda kwenye makao ya mbwa waliokosa wenyewe, na wakaona kwamba mtu akikaa na mbwa dakika kumi tu, mara tatu, tayari mbwa yule anaanza kumchukua kama mtu wake. Dakika kumi, mara tatu! Mbwa hana haja ya kitanda. Anahitaji mtu anayerudi.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wa huku wanaopima mapenzi kwa kukumbatiana, wala wale wa nyumbani wanaosema mbwa wa kwetu yuko kwa ajili ya makombo tu. Simba alikuwa na ua mzima, watu sita, mwarobaini, paka wa jirani wa kugombana naye, watoto wanaokwenda chuo na kurudi. Baba akiondoka, dunia yake haikuondoka. Kwa hiyo alimngoja bila kuchanganyikiwa. Bruno ana vyumba viwili na moyo wa bibi mmoja. Wote wawili walishikamana na watu wao, ila Bruno hakuwa na kingine cha kushika.

Lakini nisije nikaipaka nyumbani rangi nzuri kwa sababu niko mbali. Kuna mambo tunayowafanyia mbwa Mombasa ambayo hayana dini wala mila. Pita Nyali au Tudor uangalie nyuma ya mageti yenye kibao cha "Mbwa Mkali". Wengi wamefungiwa kwenye vibanda vya bati tangu alfajiri hadi magharibi, jua la Februari linawaka, maji yamepinduka tangu asubuhi. Mwenye nyumba atakwambia ni ili awe mkali usiku. Wengine humtilia pilipili kwenye chakula, wanasema inapandisha ukali. Pilipili inamchoma tumbo, basi. Mbwa analinda kwa sababu anajua nani ni wa nyumba hii na nani si wake, na atajuaje kama wa nyumba hii hawamtazami? Simba hakuwahi kufungwa mnyororo, na tangu aje hakuna mwizi aliyeruka ule ukuta tena.

Hapa nawapa Wajerumani haki yao. Tangu 2022 sheria yao inakataza kumfuga mbwa kwa kumfunga kamba au mnyororo, isipokuwa wachache walio kazini, na inataka mbwa apate mtu wa kukaa naye mara kadhaa kwa siku. Kwetu tusingehitaji hata sheria. Ua upo na watu wapo.

Na kuna kichaa cha mbwa. Mtoto wa mtaani kwetu aliumwa na mbwa koko nikiwa darasa la sita. Watu wakaja na fimbo, siku ya pili mbwa wote wa mtaa, wenye wenyewe na wasio na wenyewe, wakatiliwa nyama yenye sumu. Simba alinusurika. Usiku ule baba alikuwa nyumbani na alimsikia akikohoa nje, akamnywesha maziwa, ingawa sijui kama maziwa ndiyo yaliyomwokoa. Miaka hiyo hakuna aliyetuambia jambo rahisi: jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Na mbwa wachanjwe kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa mahali, ugonjwa unakatika. Sumu haiufanyi hivyo. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa watu kufa kwa kichaa cha mbwa, nao uko mlangoni. Mbwa anayekupenda ndiye atakayekuwa karibu na watoto wako, kwa hiyo umchanje yeye kwanza.

Najua kuna watakaoniambia nimekaa Ulaya nikalewa. Kila Ijumaa mama yangu husoma Suratul Kahf, ameketi sebuleni, mlango umefunguliwa upepo uingie. Ndani ya sura hiyo wamo vijana waliokimbilia pangoni na imani yao, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Hakuingizwa ndani, wala hakufukuzwa, na ametajwa pamoja nao kila wanapohesabiwa. Nilipokuwa mdogo nilimsikiliza mama akifika aya hiyo, huku Simba amelala nje ya mlango vivyo hivyo, miguu mbele, ukucha wa mwisho ukiishia pale saruji inapoanza. Na sote tumefundishwa madrasa hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa. Aliyetuwekea udhu ndiye aliyetuwekea na hilo. Kuosha mara saba hakujamzuia mtu kujaza kifuu.

Bibi alirudi kutoka hospitali akitembelea fimbo. Siku hizi Bruno haachwi peke yake zaidi ya saa mbili tatu. Tumempangia zamu, mimi na jirani wa juu yule yule. Nikiingia ananitazama usoni, kisha ananipita kwenda kuangalia kama bibi yuko nyuma yangu.

Simba alikufa mwaka wa pili nikiwa huku. Sasa nyumbani kuna mbwa mwingine, jike, wa rangi ya mchanga, na kaka yangu aliniomba pesa za kumjengea kibanda cha waya nyuma ya nyumba, karibu na choo cha nje. Nilituma za paa na za chanjo, za waya sikutuma. Wiki iliyopita mama alichukua simu kutoka kwa kaka. Alisema kibanda kisijengwe nyuma kule, kijengwe mbele ya mlango wa jikoni, lile jerikeni libaki pale pale. Nikamuuliza kwa nini. "Ili nijue ni nani yuwaja," akasema, kisha akamwambia mtu, kwa sauti ambayo si ya kumwambia kaka, "Nipishe bwana, hapo ndipo nipitapo."